Rudisha maziwa mezani, kisha tukague godoro

Swali, kwa kifupi: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Tengeru, Arusha, nina miaka 34. Kila mwaka masika yakiishia, kuanzia mwisho wa Mei hadi Julai, naamka na chafya kumi, kumi na tano mfululizo, kamasi jepesi kama maji, macho yananiwasha mpaka yanakuwa mekundu. Agosti na Septemba napumzika, halafu jakaranda zikichanua Oktoba inarudi tena. Niliambiwa ni mzio na dawa yake ni chakula. Tangu Machi nimeacha maziwa, mayai, samaki na nyanya, nanywa asali na manjano kila asubuhi, na bado. Nanyonyesha mtoto wa miezi 8. Shangazi yake anasema naye alambishwe asali apate kinga. Mume wangu anasema mwenye makosa ni paka. Nifanye nini?"

Marahaba mwalimu. Nianze na mtoto, maana hilo halisubiri: asilambishwe asali, hata ncha ya kidole. Asali, hata iwe safi namna gani, inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo ndani ya utumbo wa mtoto asiyetimiza mwaka huota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anashindwa kushika shingo, ananyonya bila nguvu, kilio kinafifia, na hali ikienda mbali hata misuli ya kupumua inalegea. Ni nadra, lakini hakuna sababu ya kubahatisha. Kuipika kwenye uji hakuviui vijimbegu hivyo. Shangazi mwambie kwa heshima kwamba asali yake imepokelewa na itamngoja mtoto mpaka atimize mwaka. Kinga anaipata kwenye ziwa lako na kwenye chanjo.

Sasa wewe. Umeacha vyakula vinne tangu Machi, na mwisho wa Mei chafya zimekuja tarehe zilezile. Ungekuwa umewapa wanafunzi jaribio hili darasani, ungewaambia majibu yameshatoka. Maziwa ulikunywa Februari na pua ilikuwa kavu, ulikunywa Septemba na pua ilikuwa kavu. Kinachokuja na kuondoka na majira kitafutwe kwenye vitu vinavyobadilika na majira: majani, upepo, vumbi, unyevu, baridi, na yale tunayoyafanya ndani ya nyumba baridi ikiingia. Sahani yako haibadiliki kiasi hicho.

Kwa hiyo agizo langu la kwanza ni la kukurudishia, si la kukunyima. Mama anayenyonyesha akikosa maziwa, mayai na samaki kwa pamoja, anakula akiba ya mwili wake mwenyewe. Rudisha kimoja kimoja, kila kimoja siku tatu nne, ili roho itulie. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wakae juu ya orodha.

Najua kuhusu maziwa hutaniamini upesi, kwa sababu kila mtu amewahi kusikia kwamba maziwa yanaongeza makamasi. Chukua glasi ya maziwa, kunywa, kisha meza mate. Utahisi utando mzito kooni. Huo ni mchanganyiko wa mafuta ya maziwa na mate, si kamasi mpya. Mwaka 1990 watafiti wa Australia waliwaambukiza watu wa kujitolea virusi vya mafua, wakahesabu glasi za maziwa walizokunywa na kupima makamasi waliyotoa. Waliokunywa maziwa mengi hawakutoa makamasi zaidi.

Nyanya nayo ina kisa chake, na hapa nakuuliza: uliacha nyanya kwa kuambiwa tu, au uliwahi kula kachumbari ukahisi midomo na koo vinawasha? Baadhi ya watu wenye mzio wa chavua ya nyasi, yaani ule unga wa maua yake, huwashwa mdomo wakila nyanya mbichi, tikiti au chungwa, kwa kuwa protini za matunda hayo zinafanana na zile za chavua na mwili unashindwa kuzitofautisha. Ikipikwa, protini hiyo kwa kawaida huvunjika. Kama ni hivyo kwako, acha kachumbari miezi hiyo na mchuzi endelea nao. Kama hujawahi kuwashwa, nyanya yako haina kesi.

Samaki naye husingiziwa kwa njia nyingine. Jodari au kibua aliyekaa juani kabla ya kuuzwa hujaa histamini, kemikali ileile inayokuwasha pua, na kumkaanga hakuiondoi. Mlaji anawiva uso, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, kisha anatangaza kwamba ana mzio wa samaki. Hana, alikula samaki aliyeharibika. Mzio wa chakula wa kweli haungoji msimu: unakuja ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, kwa mabaka ya ngozi, midomo kuvimba, kutapika au kifua kubana, na unarudia kila ukila. Ukiona hayo, hospitali, hata kama ni saa nane za usiku.

Tuje kwenye chafya zenyewe. Unachokieleza, kuwashwa macho na pua, kamasi jepesi, chafya za mfululizo asubuhi, bila homa, kwa wiki na wiki, ni mafua ya mzio. Mafua ya virusi huanza na koo kuuma, kamasi huwa zito, na kwa siku kumi hivi yanakwisha. Kuwashwa ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Watoto wenye mzio huisugua pua kwa kiganja kuelekea juu, mara mia kwa siku, mpaka wengine wanapata mstari mdogo unaokatiza mgongo wa pua. Waangalie wanafunzi wako mstari wa mbele. Utawapata wawili watatu.

Kinachotokea ni kwamba ngozi laini ya ndani ya pua ina seli zilizojaa histamini, na mwili wako umeziwekea kingamwili za kutambua kitu fulani, tuseme chavua ya nyasi. Chavua ikitua, seli zinapasuka na histamini inamwagika: chafya ndani ya dakika chache. Saa kadhaa baadaye uvimbe unafuata na pua inaziba. Na hapa ndipo pa kushika, kwa sababu ushauri wangu wote unasimama hapo: pua iliyokwisha kuvimba kwa wiki moja inakuwa nyepesi kukasirika. Chavua kidogo sana inatosha, na hata vitu visivyo vya mzio kabisa, kama moshi, vumbi la chaki, marashi au hewa ya baridi ya alfajiri, vinaichokoza. Hatuwezi kuifunga Arusha isiote majani. Tunachoweza ni kupunguza mzigo unaoangukia pua hiyo kwa siku nzima.

Watu walichelewa kuijua chavua. Mwaka 1819 daktari wa London, John Bostock, aliandika juu ya mafua yake mwenyewe ya kila kiangazi, na Waingereza wengi wakaamini kwamba yanaletwa na harufu ya nyasi kavu. Ilibidi mwenzake wa Manchester, Charles Blackley, ajipake chavua ya nyasi puani makusudi, aumwe, na kuchapisha matokeo mwaka 1873, ndipo mkosaji akajulikana. Nampenda mtu huyu. Aliugua maradhi anayoyachunguza, na hakulaumu kitu kabla ya kukijaribu.

Nasi tumfuate kabla ya kuilaumu jakaranda. Okota ua lake moja chini barabarani uliangalie. Lina umbo la tarumbeta, rangi ya kuita, nyuki wanaingia na kutoka. Mti unaojipamba hivyo unategemea wadudu kubeba chavua yake, na chavua ya namna hiyo ni nzito, inanata, haipeperuki mbali. Chavua inayosumbua pua ni ya mimea isiyo na haja ya kupendeza kwa sababu inautegemea upepo: nyasi kwanza kabisa. Jakaranda inaonekana, ukoka hauonekani, basi lawama inakwenda kwa anayeonekana. Oktoba kwenu ni mwisho wa kiangazi, vumbi limekauka miezi mitatu na upepo unalinyanyua, kisha matone ya kwanza ya vuli yanaamsha majani. Hapo tayari una sababu ya kupiga chafya bila kuutaja mti.

Mwisho wa Mei mpaka Julai ndio msimu mkuu wa majani. Mvua imeyakuza, sasa yanatoa vishada: ukoka wa uwanja wa shule, majani ya tembo ya kulishia ng'ombe, mahindi yanayotoa mbelewele. Chavua ya mahindi ni nzito, huanguka jirani na shamba, kwa hiyo inakuhusu zaidi kama nyumba yako imezungukwa na mahindi au unapita katikati yake kwenda shule. Halafu kuna suala ambalo hukuniandikia: ni nani anayekata majani ya ng'ombe hapo nyumbani? Kama ni wewe, saa kumi na mbili asubuhi, na kuyabeba kichwani, basi tumeshapata robo ya tatizo. Mwombe mtu mwingine ayakate miezi hiyo miwili, au yakatwe kabla hayajatoa vishada (na ng'ombe atakushukuru, machanga yana lishe zaidi). Ikibidi uyakate wewe, vaa barakoa, funga mtandio kichwani, na ukimaliza badilisha nguo kabla ya kumshika mtoto.

Siku ya upepo mkavu ni mbaya, siku ya mvua iliyotulia ni nzuri. Hatari ni dakika za kwanza za dhoruba ya radi. Unyevu hupasua punje za chavua kuwa vipande vidogo vinavyofika mpaka kwenye mapafu. Novemba 2016 mjini Melbourne, Australia, dhoruba moja ya jioni iliwapeleka maelfu ya watu hospitali wakishindwa kupumua, na watu 10 wakafariki. Wengi wa walioathirika walikuwa na mafua ya mzio wa nyasi. Sisemi litatokea Tengeru. Nasema radi zikianza kunguruma msimu wa majani, ingia ndani ufunge dirisha kwa nusu saa.

Sasa sehemu ambayo watu hawaifikirii. Juni baridi ya Meru inashuka. Unafanya nini? Unashusha sanduku lililoko juu ya kabati, unatoa mablanketi mazito yaliyokaa humo tangu Agosti mwaka jana, unayakung'uta mara mbili, unatandika. Usiku huohuo pua inaziba. Ndani ya mablanketi, mito na godoro wanaishi utitiri wa vumbi, jamaa wa utitiri wa kuku lakini hawaonekani kwa macho na hawaumi. Wanakula ngozi inayopukutika miilini mwetu, wanafyonza unyevu wa hewa badala ya kunywa maji, na kinachotusumbua ni kinyesi chao. Masika yanawazidisha. Kwa mtu anayeamka na chafya kabla hajatoka kitandani, kama wewe, huwa nawashuku hawa sawa na majani, na mara nyingi wote wawili wana hatia.

Fanya hivi, na ufanye Mei, kabla ya msimu. Mablanketi yafuliwe kabla ya kutumika, si kukung'utwa. Mashuka na foronya yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 kwa kipimo, yaani moto usioweza kutumbukiza mkono. Basi yamwagie maji ya moto kwenye beseni, yaache yapoe ndipo uyafikiche. Godoro litolewe juani siku nzima, lipigwepigwe na mtu mwingine, siyo wewe, kisha livishwe mfuniko wenye zipu unaolifunika pande zote. Ukikosa huo, hata plastiki nzito chini ya shuka inasaidia ingawa inalia ukigeuka. Mito ya sufi ya miaka kumi itupwe bila huruma. Zulia la chumbani likunjwe liende sebuleni, au kwa jirani.

Na nguo zako za kulalia na mashuka, miezi ya majani, zianikwe mahali pasipo jirani na majani yenye vishada. Shuka lililolowa linadaka chavua kama wavu, kisha unalala nalo kwa saa nane.

Fagio linastahili aya yake. Bibi zetu walinyunyiza maji uani kabla ya kufagia, na walikuwa na akili kuliko sisi tunaofagia kavu saa kumi na mbili asubuhi mpaka nuru ya mlangoni inaonekana imejaa chembe. Nyunyiza kwanza. Ndani piga deki kwa tambara bichi, futa meza na madirisha kwa kitambaa kilicholowa. Darasani vilevile: ubao ufutwe kwa kitambaa kibichi, na kazi hiyo mpe mwanafunzi asiyekohoa. Chaki yenyewe ni nadra kuleta mzio, ila kwa pua iliyovimba inatosha kuwa kero. Jioni ukirudi, kabla ya kupika, nawa uso na macho kwa maji mengi, oga, na kama umesuka, futa nywele kwa kitambaa kibichi kabla ya kulaza kichwa kwenye mto. Kama unapanda bodaboda, barakoa na miwani. Dereva atakucheka siku mbili.

Moshi sasa. Jiko la mkaa jikoni, udi sebuleni, dawa ya mbu ya kuchoma chumbani, vyote vinaangukia pua ileile. Utafiti mmoja wa 2003 ulipima dawa ya mbu ya kuchoma na kukuta kwamba koili moja inatoa chembechembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 mpaka 137. Mnalala humo na mtoto wa miezi 8. Tumieni chandarua, koili iacheni. Na tafadhali, niliposema ufunge dirisha radi zikinguruma sikumaanisha wakati jiko la mkaa linawaka. Kila kipupwe watu huingiza jiko ndani kujipasha moto, wanafunga kila upenyo, na hewa ya sumu isiyo na harufu inawamaliza usingizini. Kati ya chafya na hilo, chagua chafya.

Nimeiacha kwa makusudi mpaka sasa tabia ambayo, kama ningekuruhusu uchague moja tu, ningekupa hiyo: kuosha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji yatokote kabisa dakika moja au zaidi, yafunike yapoe yawe vuguvugu. Pima robo lita, tia nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, iliyosawazishwa na siyo iliyorundikwa, koroga iyeyuke. Chumvi isiyo na madini joto haiwashi, lakini ukiikosa, ya kawaida ya jikoni inafaa. Duka la dawa nunua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano. Inama juu ya beseni, geuza kichwa kidogo upande, fungua mdomo upumulie hapo, weka ncha kwenye tundu la juu na sukuma polepole. Maji yanazunguka nyuma na kutokea tundu la pili. Mara ya kwanza utashtuka na utakohoa. Mara ya tatu utashangaa kilichotoka. Mabomba manne au matano kila upande, asubuhi na jioni ukirudi kazini, kisha penga taratibu bila kuziba tundu moja kwa nguvu. Yakichoma, ama chumvi imezidi au imepungua. Maji matupu nayo huchoma. Osha bomba, likauke. Maji ya chumvi ya jana mwaga.

Msisitizo wa kuchemsha si urembo. Kuna amiba anayeishi kwenye maji vuguvugu ya mito, matangi na mabomba yasiyotibiwa vizuri, ambaye akipandishwa juu kabisa ya pua hufika kwenye ubongo, na anayeugua ni nadra kupona. Ni ugonjwa wa nadra mno. Kumezwa tumboni hadhuru. Ila maji ya bomba au ya tangi hayaingii kwenye bomba la sindano bila kuchemka. Wasomaji Waislamu huniuliza kuhusu kupandisha maji puani wakati wa kutawadha: wavute kwa wepesi, wasivute kwa nguvu hadi juu, na wenye maji ya mashaka watumie yaliyochemshwa.

Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi au mwarobaini kunalainisha kamasi na kukupa nafuu ya nusu saa. Hakuondoi mzio. Nimeona waliobabuka kwa sufuria iliyopinduka chini ya blanketi kuliko ninavyopenda kukumbuka, wengi wao watoto. Ukitaka mvuke, bakuli mezani na taulo, mtoto akiwa chumba kingine. Na usitie puani maji ya kitunguu saumu wala mafuta ya taa, ambayo nilidhani yamekwisha mpaka juzi.

Turudi kwenye asali na manjano, kwa kuwa umeyanywa miezi. Wazo la asali ni kwamba ina chavua ya hapo ulipo, hivyo mwili utaizoea. Lakini nyuki anakusanya kwenye maua yanayonata, kama jakaranda, na wewe unasumbuliwa zaidi na ya upepo. Mwaka 2002 watafiti wa Connecticut, Marekani, waliwagawa watu 36 katika makundi matatu: asali mbichi ya hapohapo, asali iliyochemshwa, na sharubati ya mahindi iliyotiwa ladha ya asali. Hakuna kundi lililopata nafuu kuliko jingine. Malaysia mwaka 2013, kwa watu 40, waliopewa asali pamoja na dawa ya mzio walipata nafuu zaidi, lakini kipimo kilikuwa gramu moja kwa kila kilo ya uzito wa mtu: kwako ni kama vijiko vitatu vya chakula kila siku. Hiyo ni sukari nyingi kwa faida isiyo na hakika. Kijiko kimoja kwenye chai kwa sababu ni tamu, sina ugomvi nacho. Manjano yakae kwenye mchuzi. Habasoda ina tafiti ndogo zenye dalili njema, ila bado siwezi kukuandikia kama dawa.

Chakula kinachosaidia kinasaidia polepole na kwa uchache. Utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliotoa matokeo 2013 ulikuta watoto wanaokula vyakula vya haraka mara tatu au zaidi kwa wiki wana dalili kali zaidi za pumu na mafua ya mzio, na wanaokula matunda mara kwa mara wana nafuu. Hauthibitishi kwamba chipsi ndizo zilizowaumiza, lakini unaelekea kulekule ambako ningekupeleka kwa sababu nyingine: mboga za majani, matunda ya msimu, dagaa, maharage. Pombe, mbege ikiwemo, huvimbisha pua siku hiyohiyo. Pilipili inakutoa kamasi kwa kuchokoza mishipa ya fahamu, nayo si mzio. Supu ya moto inafungua pua kwa muda wa kuinywa na dakika chache, na dakika hizo ni tamu. Ukiona kamba au kaa wanakuwasha mdomo, niambie: utitiri wa vumbi na kamba wana protini moja inayofanana sana, na hiyo haivunjiki kwa moto.

Kama mazoea haya hayatoshi, na mara nyingi peke yake hayatoshi, dawa zipo na si aibu. Setirizini au loratadini, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku, hukata chafya na kuwashwa. Kwa pua inayoziba, dawa ya kupuliza ya kundi la steroidi ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ila inataka kutumiwa kila siku kwa wiki kadhaa. Anayeipuliza mara mbili na kusema haifanyi kazi hajaijaribu. Mweleze mfamasia kwamba unanyonyesha, na uepuke klofeniramini, ile inayoleta usingizi, isije ikamlaza na mtoto. Matone ya kufungua pua mara moja yasizidi siku tano: yakizidi, pua inaziba kwa sababu ya matone hayo yenyewe. Amoksilini haina kazi hapa. Sindano ya "aleji" ya kila msimu, ambayo nyingi ni steroidi ya kukaa mwilini wiki kadhaa, ikatae. Na mtu akikuuzia kipimo cha damu cha vyakula mia moja ili akupe orodha ya kuacha, weka pesa yako mfukoni. Vingi kati yake vinapima tu kwamba umewahi kula chakula hicho.

Usitumie haya yote kuahirisha hospitali kama kifua kinabana au kinapiga filimbi, kikohozi kinakuamsha usiku, uso unauma upande na homa ipo, au damu inatoka mara kwa mara. Mzio wa pua na pumu ni ndugu. Na kwa wanafunzi wako: mtoto anayetoa kamasi linalonuka tundu moja tu, kabla ya kumwita ana mzio, mtafute daktari mwenye tochi. Mara nyingi ni punje ya harage.

Nimebaki na paka. Hoja ya mume wako ina kasoro ileile ya maziwa: paka yupo mwaka mzima, chafya zina tarehe. Mzio wa paka unatokana na mate na ngozi yake, na hata ukimgawa leo, mabaki yake yanaweza kukaa nyumbani miezi minne au zaidi, kwa hiyo kumfukuza kwa wiki mbili ili "tuone" hakuthibitishi kitu. Lakini nakuuliza kama nilivyouliza kuhusu majani ya ng'ombe: Julai, baridi ikishika, analala wapi? Kama Septemba analala barazani na Julai anajikunja juu ya blanketi lako, basi mume ana nusu ya hoja, na mlango wa chumba cha kulala ufungwe kuanzia Mei. Andika kwenye daftari, kuanzia sasa mpaka Desemba, kila siku mstari mmoja: chafya ngapi, upepo au mvua, nani alikata majani, umefagia wewe au mwingine, paka alilala wapi. Uje nalo.